Moshi wa Jiko la Zamani

Wiki nzima mpishi wa parokia alijipakulia sahani mbili, na wala hakunenepa. Hakuna aliyeona. Nani anaangalia sahani za mpishi? Macho yote yalikuwa kwenye televisheni ya ukumbini, yakingoja lile bomba la Roma litoe moshi mweupe wa kutangaza Papa mpya.

Sahani ya pili ilipanda darini, juu ya jiko la zamani lisilotumika. Huko alijificha mke wa mwenyekiti wa parokia, rafiki wa mpishi tangu walipopata kipaimara pamoja. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, taya limevimba, miguuni hana hata kandambili.

"Usimwambie mtu, hata padri," alisema. "Padri atataka kutupatanisha. Bora nife humu kuliko kurudi kwake."

Mpishi aliapa kwa rozari. Kila aliposhuka aliutia komeo mlango wa darini kwa chini, ili paonekane hapakaliwi na mtu, kisha akairudisha ngazi ukutani. Jumapili kaka wa yule mwanamke angekuja na gari kumchukua.

Mwenyekiti yeye alitangaza kwamba mkewe amekwenda kumuuguza mama yake. Aliomba sala, sauti ikamkwama, na akina mama wa jumuiya wakamwonea huruma. Alikuwa mtu mcheshi, mkono wazi, anayesalimia hadi watoto. Alhamisi tu alipita jikoni akanywa chai, akasifu mapishi, akauliza habari za nyumbani.

Ijumaa alasiri moshi ukatoka. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Padri alikimbilia kengele huku akikanyaga kanzu yake mwenyewe. Wazee waliokaa nyuma ndio walionung'unika, kwamba vichwa vya vijana viliwaziba na hawakuona chochote.

"Basi na sisi tutoe wetu," mwenyekiti akasema. "Lile jiko la zamani si lina bomba? Mtaa mzima ujue tumepata Papa."

Vigelegele vikapigwa. Mpishi akawahi kusimama mlangoni.

"Mwenyekiti, lile bomba bovu. Limetoboka. Moshi wote utaishia darini."

"Kwani huko darini kuna nini?"

"Magunia tu."

"Basi magunia hayakohoi, dada," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka.

Mpishi hakukata tamaa. Walipokuwa wakihangaika kutafuta kiberiti, alichukua ndoo akazimwagia maji kuni zote hadi zikachuruzika. Hizi hata shetani haziwashi, alijiambia. Mwenyekiti akarudi na dumu la mafuta ya taa. Alipoziona kuni zimelowa chapachapa, alimshika bega kwa furaha.

"Tazameni mtu anayejua kazi yake. Kuni kavu zingetutolea moshi mweusi, tukaonekana bado tunapiga kura."

Alizimwagia mafuta mwenyewe, akaziwasha mwenyewe. Moshi ukapanda, mzito, mweupe pe. Mpishi akageuka kutafuta ngazi, na ukutani hapakuwa na ngazi. Akaambiwa vijana wameichukua kutundikia vitambaa vya njano na vyeupe juu ya mlango wa kanisa. Mwenyekiti aliwatuma tangu asubuhi. Mpishi alirukia komeo, mkono haukufika. Alirukia tena, akiwa hapumui vizuri.

Kutoka juu kikasikika kishindo, halafu kingine.

"Toka, dada, moshi utakudhuru," mwenyekiti akasema, akamwongoza nje kwa upole na kuufunga mlango. Kisha akawapungia mkono wapiga ngoma, nao wakaanza.

Moshi ulikuwa ukipenya kati ya vigae, paa zima linafuka. Uani watu walirukaruka na kukumbatiana. Hapo kiapo kikamtoka mpishi moyoni. Heri mwenzake arudishwe kwa mumewe, apigwe tena, lakini awe hai.

"Kuna mtu!" alipiga kelele. "Kuna mtu darini!"

Kengele ilikuwa ikilia na ngoma zikirindima. Waliomtazama waliona mdomo uliofunguka na machozi mashavuni, na wao wenyewe walikuwa hivyo hivyo. "Jamani, hata mpishi wetu," akina mama wakaambiana, wakamzunguka, wakambeba juu juu. Alirusha mateke, wakadhani anacheza. Alinyoosha kidole kuelekea paani, na wote wakatazama paani, wakazidi kushangilia.

Walimshusha sauti ikiwa imekauka kabisa. Paa lilikuwa bado linafuka, na sasa hata wapita njia walikuwa wamesimama nje ya uzio wakipiga makofi. Mwenyekiti alipenya katikati ya watu, akamshika mpishi mkono, akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Wanawake waliokuwa karibu wakamwonea huruma upya, mtu mwema kama yule kuwa peke yake siku kubwa kama hii. Akamwinamia mpishi sikioni.

"Pole, dada, umechoka," akasema. "Kuanzia kesho pakua sahani moja."