Ala ya Lavonne

Ngozi ilipokauka ndipo nikaona upuuzi wangu. Karatasi ya kielelezo cha kukatia niliilaza imegeuka.

Lavonne aliagiza kwa simu ala ya bastola ya kuchomoa kwa kukatiza tumbo, impe nafasi akiwa juu ya farasi. Ala hiyo hukaa nyonga ya kushoto, mkono wa kulia ukachomoa. Yangu ilikuwa ya kukaa kulia. Miaka thelathini kazini, na wiki nzima nimechonga maua juu ya takataka!

Akaingia na bastola yake. Nje farasi alikuwa tayari kwenye trela. Leo anapanda milima ya Bighorn na kondoo, na huko dubu keshamuulia mbwa.

“Usiniambie eti haijawa tayari, fundi!” akasema.

Nikampa, nikangoja matusi.

Akaivaa kulia bila kuuliza, akatumbukiza bastola. Mkono wa kushoto ukakatiza tumbo. Ngozi ikalia kidogo, ikaiachia.

“Mafundi wote hunitengenezea ya mtu wa mkono wa kulia,” akasema. “Wewe nani kakwambia mimi mashoto?”

Nikashusha pumzi.

“Fundi haambiwi,” nikasema, nikiisukuma ile karatasi kwa mguu chini ya meza.