Vipande vya Satini

Siku ya tatu baada ya kumzika bintiye, fundi cherehani alipanda kigoda akaanza kuchomoa vitambaa kwenye matundu ya hewa, juu ya dirisha la chumba chao.

Alivisokomeza mwenyewe mwaka jana, vipande vya satini nyeupe, ili vumbi la barabarani lisichafue magauni ya maharusi.

"Dada, shuka. Niachie mimi," mdogo wake alisema.

Hakushuka. Bado alikuwa anamsikia daktari: "Mama, mnawasha mkaa chumbani?" Naye alijibu bila kusita, "Hapana, daktari. Jiko langu liko uani."

Hakudanganya. Pasi ya mkaa hakuihesabu. Jiko ni jiko, pasi ni kazi. Aliisukuma kutwa nzima, mtoto akikohoa kitandani nyuma yake.

Kitambaa cha mwisho kiligoma, kisha kikachomoka. Upande wa ndani ulikuwa mweusi tititi, umeganda masizi kama kitako cha sufuria.

Akakigeuza. Upande wa barabarani ulikuwa na vumbi laini tu.

Alilipuliza mara moja, likaruka lote.

"Dada?"

Satini ilikuwa nyeupe pe.