Kufuli la Nyamizi

Fundi Nyamizi alikuwa juu ya nguzo, akizivisha nyaya za umeme mkubwa mifuniko ya mpira ili korongo wasiendelee kuungua. Chini, watu walishachoka kusubiri.

"Mji mzima gizani kwa ajili ya ndege? Mzee Sengo, washa tu."

"Swichi ina kufuli la Nyamizi," msimamizi akajibu, "na ufunguo anao yeye huko juu. Kwetu, aliyefunga ndiye afunguaye."

Nyamizi aliupapasa ufunguo mfukoni, akakaza mfuniko wa mwisho. Akashuka bila haraka, akafungua kufuli mbele yao, akawasha.

Korongo akatua nguzoni. Akatandaza mabawa, yakagusa nyaya mbili kwa pamoja. Watu wakashika vinywa.

Nyamizi alisimama kifua mbele, ufunguo kiganjani, huku yule ndege akichambua manyoya yake.