Utepe Nambari Kumi na Saba

Birika lilikuwa likitoa mvuke tangu saa mbili asubuhi, lakini Gerishon hakuwa na haja ya chai. Alishika bahasha juu ya mdomo wa birika, akahesabu hadi sitini, kisha akaipeleka dirishani. Chini ya mkunjo palikuwa na doa la zambarau. Akaridhika. Hiyo ilikuwa bahasha ya sita aliyojaribu kuifungua kwa hila, na zote sita zilikuwa zimemuumbua.

Gerishon alijalidi vitabu mjini Isiolo, na mwaka huo wa 1979 alikuwa na mteja mwenye shida. Mzee Abduba, mfanyabiashara wa ng'ombe, alipokea barua kila wiki kutoka kwa Kang'ethe, mshirika wake wa Nairobi, ikimweleza wanatakiwa ng'ombe wangapi na malori yatawafuata wapi. Mara nne mfululizo mpinzani wake, Chachu, alifika mahali penyewe siku moja mbele yake, akachagua madume wazuri na kumwachia waliokonda.

Barua zilisafiri mfukoni mwa Emuria, dereva wa Abduba kwa miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo aliyeshukiwa ni Emuria.

"Fundi, hiyo bahasha ndiyo wakili wangu," Emuria alimwambia. "Itengeneze vizuri."

"Bahasha haina huruma," Gerishon alijibu. "Itasema kilichotokea, basi."

Aliitengeneza kwa karatasi ya kaki iliyogandishwa juu ya kitambaa cha marekani, ili iende na kurudi mara kumi na mbili bila kuchakaa. Mdomo ulifungwa kwa utepe wa karatasi wenye nambari, na bila kuuchana utepe huo barua haikutoka. Chini yake alinyunyiza unga wa penseli ya kopi, ambao hugeuka zambarau ukiguswa na unyevu. Tepe alizichapa mwenyewe, moja kwa kila nambari, akampelekea Kang'ethe zote kuanzia ya kumi na saba, za mwanzo zikiwa zimeishia kwenye majaribio.

Siku ya kuionyesha, Abduba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akazunguka meza na kumtegea sikio la upande wa pili.

"Sasa sema tena."

Gerishon akasema tena. Pembeni Kabale, binti wa mzee, aliyesoma hadi kidato cha nne, alikuwa akinywa maji ya moto yenye asali. Alipomsalimu mgeni, sauti ilimkwaruza.

"Nani anaweza kufungua hii na kufunga nisijue?" Abduba aliuliza.

Gerishon alipenda usahihi kuliko kujisifu. "Labda mtu mwenye mashine yangu, karatasi yangu na gundi yangu. Yaani mimi."

Mzee akacheka. "Basi niko salama."

Wakapatana hivi: Emuria akifika mjini, kwanza ataiacha bahasha kwa Gerishon ikaguliwe wakati yeye anaosha lori, kisha wataipeleka dukani pamoja.

Utepe nambari kumi na saba ulifika Jumanne. Gerishon aliukagua kwa kioo cha kukuzia, akaandika "haujaguswa" na kutia saini. Emuria aliposikia hivyo alikaa chini kwenye marobota ya karatasi, akafunika uso kwa kofia yake kwa muda.

Dukani, Abduba aliwatoa watu wote nje, hata paka, akatia komeo la chuma kwa mkono wake. Ndivyo alivyofanya siku zote. Maneno ya Kang'ethe yalikuwa ya yeye na Kabale, aliyemsomea, tu.

Alhamisi watu wake walipofika Korbesa, mahali palipotajwa na barua, madume wazuri walikuwa wameshahesabiwa na kutiwa alama ya Chachu.

Jumanne iliyofuata Gerishon na Emuria walileta utepe wa kumi na nane. Hakuna aliyemkaribisha fundi kiti.

"Haujaguswa?" Abduba aliuliza.

"Haujaguswa."

"Kama ule wa kumi na saba?"

"Kama ule."

"Sawa. Emuria ametoka safi, na saini ni yako. Lakini Chachu alijua. Sasa nikumbushe, fundi. Ulisema ni nani peke yake anaweza?"

Gerishon alitafuta kosa katika hoja hiyo, asilione. Angekuwa yeye Abduba, angefikia uamuzi huohuo.

"Mzee, mimi sijafungua barua yako."

"Bahasha haina huruma," Emuria alisema polepole, akitazama sakafu.

"Kesho soko lote litajua," Abduba alisema. "Kanisa lako pia. Tuone ni nani atakupa karatasi zake tena. Haya, wote nje."

Komeo likaanguka nyuma yao. Emuria alishika njia bila kuaga. Gerishon alivuka barabara hadi kibanda cha chai cha Akaale, akakaa. Kichwani alikuwa akiipitia bahasha tena, mkunjo kwa mkunjo. Kwenye benchi la mbele walikaa wanaume wawili wa Chachu. Vikombe vyao vilikuwa vitupu, na mmoja alikuwa na kalamu sikioni.

"Nyamazeni kidogo," Akaale aliwaambia wateja wake, kama mtu aliyezoea.

Ng'ambo ya barabara, ndani ya duka la mabati lililofungwa kwa komeo, Kabale alivuta pumzi na kupaza sauti kwa nguvu zake zote:

"BABA, ANASEMA MADUME MIA MOJA NA ISHIRINI! IJUMAA!"

"Wapi?" mzee aliuliza.

Yule mwenye kalamu aliitoa sikioni, akangoja jibu.