Matofali ya Majivu

Kwa miaka saba Sikudhani alichoma matofali ya majivu ya pumba za mpunga katika maabara ya chuo. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, yalikuwa yamejengewa ndani ya tanuri la kiwanda cha chuma. Kabla moto haujawashwa, msimamizi wa tanuri, Makame, alimjia na nyundo kubwa.

“Mdogo wangu aliungua hapa hadi kufa, matofali ya zamani yalipopasuka chuma kikamwagika,” alisema. “Nilimzoa kwa koleo. Leo unatuletea majivu?”

“Kaka, nimeyapima.”

“Umeyapima kwenye makaratasi!”

Akaupiga ukuta wa tanuri, akaupiga tena na tena huku akilia. Sikudhani alijitupa mbele yake kumzuia, na pigo lililofuata likamvunja mkono. Alianguka magotini, akatapika.

Wafanyakazi walimwangusha Makame, wakampiga mateke hadi damu ikamjaa machoni.

“Mwacheni!” Sikudhani alipiga kelele. “Mwacheni aje aangalie.”

Makame alitambaa hadi tanurini, akapapasa pale alipopiga. Vipande vidogo vilikuwa vimebanduka, lakini hapakuwa na ufa.

“Chuma kilichoyeyuka si sawa na nyundo, dada,” alisema kwa sauti ndogo.

“Najua.” Sikudhani alikataa kupelekwa hospitali. “Washeni.”

Wengine wote walirudi nyuma hadi mlangoni. Wawili hao walibaki mbele ya tanuri, Sikudhani ameukumbatia mkono wake uliovunjika, Makame akijifuta damu kwa shati, na ukuta ukaanza kuwa mwekundu kwa joto.