Wakili Nungunungu Atafuta wa Kusimama Nyuma Yake

Hadithi ndiyo hii, anayesinzia shauri yake. Wakili Nungunungu aligombea uchifu kila msimu, na kila msimu akabwagwa na Fisi. Wanyama walipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya wamtakaye, na nyuma yake hakusimama hata nzi.

Akamvaa Digidigi, ambaye yeye Wakili alimtetea mahakamani Fisi alipotaka kumla. "Wewe nawe, mbona hukuja?"

"Nilikuja, Wakili. Miiba yako ikanichoma pua."

Nungunungu akajifungia shimoni, akaing'oa miiba yote. Siku ya kura akatokea kama kiazi kilichomenywa. Wote wakaenda kwa Fisi.

"Digidigi, mwanangu, hata wewe?"

"Utusamehe, Wakili. Bila miiba, Fisi atakuogopea nini?"

Nungunungu akabaki amesimama, baridi ikimwingia mgongoni.