Mlio Usiokuja

Afande Makame, kocha wa Mwanakheri wa kulenga shabaha, alitia mkono mfukoni, mlimochanganyika risasi za kweli na za bandia zisizo na baruti. Akatoa moja bila kuitazama, akaisukuma ndani ya bastola na kumkabidhi.

"Hii ni ya kweli, Afande?"

"Hata mimi sijui. Achana na shabaha. Tazama kijiti kile cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, uvute kifyatuo polepole, mlio ukukute hujajiandaa."

Mara tano Mwanakheri alikuwa amevuta, na mara zote tano risasi ilikuwa ya bandia. Kila mara mtutu uliinama kwa woga, na Afande akacheka. "Umeona, mwanangu? Risasi haijatoka, wewe umeshakimbia."

Mashindano yalikuwa kesho. Kijiti kilikuwa kinacheza mbele ya jicho lake. Hii ya sita haiwezi kuwa ya bandia, alijiambia. Alitamani kuirudisha bastola aende zake nyumbani. Akashusha pumzi nusu, akaizuia iliyobaki. Kidole kikaanza kurudi. Kikarudi tena kidogo.

Ta. Ya bandia tena.

Kijiti kilikuwa palepale, kimetulia kama msumari ukutani.

Mwanakheri hakuishusha bastola. Alingoja Afande aliyekuwa nyuma yake aseme neno. Akageuza shingo taratibu. Afande, vizuia sauti vimembana masikio, alikuwa amefumba macho na kukunja uso, mabega yamempanda juu, bado anausubiri mlio.